Ukuta Uliopakwa Rangi

Mpaka leo namwombea heri yule dada wa kamera aliyetumwa na polisi. Alipiga hodi kwenye kila mlango wa nyumba yetu, hata wa chumba kisicho na mtu. Akishaingia alisimama kwanza, mikono nyuma, kama mgeni anayeogopa kuvunja vyombo vya watu. Sauti yake ilikuwa ya chini, utadhani kuna mtoto amelala chumba cha pili, na kamera yake aliisemesha: "Haya bibie, tulia tuangalie."

Baba aliuawa sebuleni. Polisi wa kwanza walipita harakaharaka, na baada ya maziko mama akaupaka ukuta rangi mpya ili sisi wanawe tusiione damu. Mashangazi wakaanza kusema anaficha lake. Yule dada wa kamera hakumgombeza. "Hata mimi ningepaka, mama," alimwambia, akafunga mapazia. Kamera ile ilinasa mwanga ambao macho yetu hayauoni, mwanga unaopenya rangi, na kwenye kioo chake kikatokea kiganja cha damu, kipana, karibu mara mbili ya cha mama, na kikubwa hata kuliko cha baba. Mashangazi walichungulia, wakatazama viganja vya mama, kisha wakarudi nyuma. Mama naye akaomba aone. Dada alimsogezea kamera, lakini kabla hajaigeuza alifunika nusu ya kioo kwa mkono wake, pale damu ya baba ilipochuruzika hadi sakafuni, na hakuuondoa mkono huo mpaka mama mwenyewe aliposema, "Basi, mwanangu, nimeona."