Kulungu Waliopitia Kaburini

Bi Tokie Karasawa aliletwa bonde hili akiwa bibi harusi, na tangu siku hiyo hajawahi kununua miso dukani. Hiyo rojo ya chumvi anaichachusha mwenyewe, kwa soya ya shamba lake, na ukimwambia ya dukani nayo si mbaya atakutazama kana kwamba umemtukania mama. Kwa hiyo kulungu walipomlia soya miaka miwili mfululizo, hakulia njaa, alilia aibu ya kukaribia kununua ya dukani. Mwanawe Kazuyoshi akampigia simu kutoka jiji la Nagoya.

"Mama, inatosha sasa. Njoo ukae na sisi, chumba chako kipo."

"Nipe mwaka huu tu," alijibu. "Nisipovuna tena, nakuja, na sitabisha."

Na Bi Tokie akishatoa neno, huwa harudi nyuma.

Si kwamba alikaa akiwatazama tu hao kulungu. Wawindaji wa kijiji walizidi kuzeeka na mashamba mengi yaligeuka pori, kulungu wakazaana watakavyo. Kilichobaki ni kikundi cha mitego, na Bi Tokie alijiunga nacho akiwa tayari na wajukuu. Akafanya mtihani wa leseni, akafaulu, akatamba hadi watu wakaanza kumkwepa. Alizungushia soya wavu, akatega matanzi kando ya msitu. Hakunasa hata sungura. Halafu asubuhi moja, maganda yakiwa ndiyo kwanza yanajaa, akakuta upande wa juu wa shamba umetafunwa.

Akamwita Yasue, jirani yake na mkuu wa kikundi, mwanamke mwenye bunduki moja na mdomo wa watu watatu. Yasue hakuangalia msitu. Alipanda moja kwa moja kwenye tuta lililo juu ya shamba, alipozikwa Masaji, mume wa Bi Tokie.

"Jana ulimletea nini mzee?"

"Tufaha na maua. Kama kila siku."

"Yako wapi?"

Tufaha halikuwepo, na ndani ya chombo cha maua vilibaki vikonyo vitupu.

"Mimi nilidhani ni kunguru," alisema Bi Tokie.

"Kunguru mwenye kwato!" Yasue alicheka mpaka akashika magoti. "Bibi wee, unawakaribisha wageni kwa matunda, halafu unashangaa wakiingia jikoni! Hebu tazama huo wavu ukiwa hapa juu. Kizingiti tu. Wanakula tufaha la Masaji, wanaruka, wako kwenye soya."

Bi Tokie aliona uso unamchoma. Alikuwa amewalisha kwa mkono wake mwenyewe, tena na dua juu yake.

"Kwa hiyo nimnyime mume wangu tufaha?"

"Nani kasema umnyime? Mpe, muombee, akishashiba umalizie wewe papo hapo. Maua achana nayo, weka tawi la shikimi, ule mti mchungu. Hawaugusi. Na tanzi utalitega hapa."

"Kaburini? Yasue, una wazimu?"

"Si kaburini, ni njiani. Hawa wameshazoea, hata bila tufaha watakuja. Kuna jike kubwa linawaongoza. Tukikamata dume, hao wengine watazaa vilevile. Tunalitaka lile jike."

Hapa hakuna aliyewahi kutega karibu na wafu. Bi Tokie alizunguka na wazo hilo siku nzima, akaunguza wali, jambo ambalo si kawaida yake. Jioni akachuchumaa mbele ya jiwe la kaburi.

"Baba Kazu, nisamehe. Patakuwa na kelele kidogo. La sivyo watanipeleka Nagoya, na wewe utabaki na nani?"

Akatega. Tanzi alishalichemsha ili harufu ya chuma iishe. Alilifukia kwenye njia nyembamba, kisha akalaza kijiti mbele na kijiti nyuma, maana kulungu hapendi kukanyaga kijiti, hukivuka, na mguu wake hutua pale pale unapotaka wewe.

Siku kadhaa zikapita bure. Kisha asubuhi moja akalikuta, jike kubwa, mguu wa mbele umenaswa, pumzi zikitoka kama moshi. Lilimtazama. Bi Tokie alifurahi mno, na papo hapo akaona huruma. Vyote viwili kwa pamoja, wala hakuona haya. Akamwita Yasue, kisha akabaki ameunganisha viganja mpaka bunduki ya Yasue ilipolia. Nyama ikagawanywa sawasawa kwa kikundi kizima, kama ilivyo desturi, hata kwa yule aliyekuja kushika kamba tu.

Kundi la kulungu likahamia kwingine. Soya iliyobaki ikakauka, ikakatwa, ikapigwa fimbo uani hadi maganda yakapasuka. Haikuwa nyingi kama enzi za Masaji, ila pipa la miso ilitosha kulijaza. Bi Tokie akainua simu bila hata kuvua glavu.

"Kazu, nimevuna. Kile chumba kipangishe."

Alingoja lawama, maana siku zote aliamini mwanawe anataka tu kupunguza wasiwasi wake mwenyewe.

"Nimefurahi, mama," Kazuyoshi alisema, na sauti haikuwa ya mtu aliyefurahi. "Ila nilishanunua pazia. La bluu, unayoipenda. Nilishalitundika."

Bi Tokie akakaa juu ya gunia la soya. Hakuwa amejua kwamba kuna mtu anamngoja.

"Lishushe," alisema. "Lilete hapa mwaka mpya, ulitundike chumba chako cha zamani. Na usije kwa siku mbili. Njoo ukae."