Kipaza Sauti cha Makwale

Majuzi, nikipita Makwale, nilisikia kipaza sauti kikivuma kutoka darasani, miguu ikasita. Ndugu msomaji, nitakueleza tu niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi pale. Yaliyosimuliwa baadaye sokoni Bondeni nawaachia waliosimulia.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Masika ya Kyela huyafanya mabati yangurume, na mwalimu wetu, mgeni kutoka mkoa wa mbali, alifundisha Kiswahili kwa kupiga kelele bure. Sisi watoto wa Kinyakyusa tulizoea kunong'onezana maana kwa lugha ya nyumbani. Nyuma yangu aliketi binti wa mfinyanzi wa Ikombe, kijiji cha ziwani, aliyeletwa kukaa kwa shangazi yake ng'ambo ya mto. Alijua Kikisi tu, lugha ya kwao. Jirani yake wa dawati, ambaye mama yake alizaliwa Ikombe, alimnong'oneza kila jambo kwa lugha hiyo.

Kisha mfanyabiashara mmoja, mwenye wakwe Malawi, akatuletea kipaza sauti pamoja na betri ya gari.

"Mnanisikia?" mwalimu akauliza, uso umemng'aa.

"Tunakusikia!"

"Basi kunong'ona marufuku. Nikisema, nanyi semeni."

Minong'ono ikafa. Sijapata kuisikia tena katika darasa lolote. Tulirudia kila kitu kwa pamoja, na binti wa mfinyanzi alirudia kwa ufasaha kuliko sote.

"We wa ziwani, umemeza redio?" wavulana walimtania.

Naye akawajibu, kwa matamshi yasiyo na doa: "Umemeza redio?"

Tulicheka. Bibi yangu, nilipomsimulia, hakucheka. Aliendelea kupepeta mchele wake wenye kunukia, akasema, "Ngoma hata mbuzi huisikia."

Mchana mmoja mto ulifurika, maji yakawa rangi ya udongo wa chungu. Mwalimu akawasha kipaza sauti.

"Leo msivuke mto! Wa ng'ambo walale kwa jamaa upande huu. Semeni: tusivuke mto!"

"Tusivuke mto!"

Sauti ya binti ilipanda juu ya zote. Mwalimu alimpongeza mbele yetu, akazima chombo chake, akakifunika kwa turubai.

Nilikuwa barazani alipopita, daftari amelifunga ndani ya kanga, akiimba polepole, "Tusivuke mto, tusivuke mto." Akashika njia ya kivukoni. Nilimwita kwa nguvu zangu zote. Mvua ikaimeza sauti. Hakugeuka. Niliiona kanga yake mpaka migomba ilipoificha.