Neno Nililoliruka Mahakamani

Miaka ya arobaini ilipokuwa inaisha nilikuwa mkalimani wa mahakama kule Bungoma. Nilikuwa nimesoma hadi sekondari, jambo la nadra siku hizo, na watu walinisifu kwamba sisimami kutafuta neno. Shahidi akifunga mdomo, mimi nimeshafungua wangu. Sifa hiyo ndiyo iliyomponza yule mama.

Alikuja kuomba kuachana na mume wake wa tatu, mkulima wa Matulo. Wa kwanza, kibarua kwenye shamba la Mzungu karibu na Kitale, alimtelekeza. Wa pili alimpiga hadi mimba ikatoka. Huyu wa tatu alisimama hatua mbili kutoka kwake, shati limepigwa pasi, hatikisiki. Ombi likikataliwa, angeondoka naye mchana uleule.

Hakimu Mzungu aliuliza anakosa nini kwa mumewe. Mama akajibu kwa Kibukusu, polepole:

"Tangu nitoke kwa mama natafuta mtu wa kunitazama. Huyu hanitazami, ananivizia. Nikiinama kuokota kuni, nikiinuka yuko nyuma yangu na panga. Haongei. Halafu anaenda zake."

Watu wakacheka. Mzee mmoja kwenye benchi akasema, "Si anunue kioo, bana. Mume wa tatu, na bado anataka kutazamwa?" Hata askari wa mlangoni alicheka.

Neno la kuvizia sikulijua kwa Kiingereza. Ningeweza kuomba nafasi nikaeleza kwa maneno mengi, nikalitaja lile panga. Lakini kicheko kilinitia haya kana kwamba mimi ndiye niliyesema, na hakimu alikuwa ameshainua macho, ananingoja. Nikamwambia kwamba mke analalamika hatunzwi vya kutosha.

Mume alipoulizwa alisema ana ng'ombe na ghala la mahindi, na mke hajawahi kulala njaa. Hakusema uongo. Ikaamuliwa mama arudi kwake.

Alinigeukia. "Kaka, umemwambia yote?"

"Yote, dada."

Akatangulia kutoka, mume nyuma yake. Nafasi ya kumrudia hakimu bado nilikuwa nayo. Nikaita kesi iliyofuata.

Miaka kadhaa baadaye nilimkuta sokoni Kitale, akiuza viazi. Alikuwa ametoroka Matulo, sasa anakaa Matisi na mwanamume wa nne, ambaye hakumsema kwa wema wala kwa ubaya. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebaki na vidole viwili. Nilitaka kupita kama sijamwona, lakini aliniita, akamwambia mwenzake aliyeuza kando yake:

"Huyu ndiye karani aliyenisemea mbele ya Mzungu. Siku ile wote walinicheka. Yeye hakucheka."

Yule mwenzake akanishukuru pia. Wote wawili wakaningoja niseme kitu.

"Ilikuwa kazi yangu tu, dada," nikasema.