Niliipa software RAM yote, Mama Neema akaganda kwenye skrini na paja la kuku

Wakuu, heshima kwenu. Ninayoandika hapa hayana chumvi hata punje, na mhusika mkuu yumo humu jukwaani kwa ID fake, nikidanganya atanisuta.

Nipo Birmingham, Acocks Green. Kazi yangu ni care, kutunza wazee, ila weekend nashika kamera kwenye sherehe za Wabongo. Juzi kati nilishuti harusi ya binti wa jirani yangu, Mama Neema.

Sasa, bibi wa upande wa bwana harusi hana neno, alihudhuria. Shida ni bibi wa upande wetu, mama mzazi wa Mama Neema, yuko Tanga. Alinyimwa visa, harusi ya mjukuu ikampita. Tukapanga Jumamosi mchana aione kwa video call, na yeye akaalika ukoo na majirani. Biriani likapikwa kabisa.

Kimbembe: Mama Neema akagoma mtu yeyote kukatwa kwenye video. Mnatujua tukienda kutoa zawadi, tunacheza hatua moja mbele, mbili nyuma. Wote waingie! Faili likawa zito balaa, muda wa ku-export hakuna, nikaicheza humo humo kwenye software ya kueditia; laptop inacheza kidogo, inakwama.

Nikajifanya fundi. Nikaingia kwenye settings za memory za hiyo software, nikakuta kuna RAM imetengwa kwa programu nyingine. Programu nyingine zipi, na leo ni siku ya Bibi? Nikaishusha mpaka mwisho, software ikabeba karibu yote.

Tukapiga Tanga, Mama Neema akaelekeza simu kwenye skrini. Ikaanza vizuri. Ilipofika kwenye msosi, laptop nzima ikaganda, hata mouse haisogei.

Na imeganda kwenye sura ya Mama Neema. Shavu limetuna, paja la kuku mkononi.

"Baba, nitoe hapo," akaniambia taratibu.

Siwezi. Roho iliniuma jamani, bibi wa watu kaalika mtaa mzima.

Nikazima kwa kitufe, nikawasha, nikairudishia mashine RAM yake, nikafunga browser, nikatengeneza proxy, zile nakala nyepesi za kueditia. Tanga wakala biriani kwanza.

Safari hii ikateleza mwanzo mwisho, hakuna aliyekatwa. Vigelegele vikasikika mpaka huku. Bibi akasema imependeza, ila turudishe pale ilipokwama.

"Kila siku ananiambia, 'Mama, nakula vizuri huku.' Nilikuwa siamini."

Mama Neema, aliyekuwa amefura, akageukia dirishani akajifuta macho.

Nilichojifunza: usiipe software RAM yote. Ni kama kuwagawia wageni chakula chote, wapishi wakizimia nani atapakua? Mashine yenyewe nayo inakula.

Wataalamu, nyie mnaiachia kiasi gani? Wa kunicheka pia mpite tu, nimezoea.

Na wewe Mama Neema, najua unasoma. Ile picha siifuti, Bibi kaitaka ya ukutani.