Ruthu na Wanyang'anyi Wake wa Mishale

Ungemkuta Ruthu barazani pale Makole, ndoo ya zabibu mbele yake na khanga imemkaa upande, usingedhani kwamba mama huyu ana jeshi. Alikuwa nalo, tena la wanyang'anyi.

Jeshi hilo liliishi ndani ya kompyuta za Abdulnasiri. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mwenye chumba cha mbele anafungua biashara, na Abdulnasiri alileta kompyuta kuukuu kutoka Dar es Salaam akaziwekea michezo ya vita. Asubuhi wateja walikuwa adimu. Jua la Dodoma nalo halimwonei mtu haya, basi akamwita mama muuza zabibu aingie kivulini, na kwa kuwa alikosa wa kucheza naye, akamshikisha kipanya. Alijuta siku hiyohiyo.

Katika mchezo ule kila mmoja anajenga mji wake na kuunda majeshi. Abdulnasiri alipenda askari wenye sare, waliofundishwa wakafundishika, na misafara ya biashara ikienda na kurudi. Ruthu hakuwa na habari na askari. Alikwenda moja kwa moja kilabuni, maana hata mle ndani kuna kilabu cha pombe, akakodi wanyang'anyi wa upinde: watu wa nguo zilizochanika, waliokimbia sheria, wasiotaka mafunzo bali dhahabu mkononi. Wanapiga mishale kutoka mbali, lakini ukiwasogelea wanatawanyika kama kuku. Isitoshe, kila mmoja anakula nafasi ya askari wawili. Ruthu aliwapenda hivyohivyo walivyo. Aliwapa majina ya wajomba zake wa Nzuguni, na akifa mmoja alisikitika kwelikweli.

"Pole, mjomba Silvano," alisema. "Ulikuwa mlafi, lakini ulijua kulenga."

Kazi yao ilikuwa moja tu, kuvizia misafara ya Abdulnasiri.

"Mnyamwezi, simama ulipe!" Ruthu alipaza sauti. "Babu yako alipita kwetu na pembe zake za ndovu akalipa ushuru. Wewe nani upite bure?"

"Nyie Wagogo, hata kwenye kompyuta mnaomba!"

"Hatuombi, mtani. Tunakusanya."

Mgogo na Mnyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote, ruhusa ya kukasirika ndiyo hana. Mzee Rajabu, baba yake Abdulnasiri, alikuwa akiketi pale kona na kahawa yake na kikohozi chake, akimshangilia Ruthu dhidi ya mwanawe wa kumzaa.

Kisha mzee akaugua, hakuonekana tena dukani. Asubuhi moja wanyang'anyi walifyeka msafara mzima, na Ruthu kwa furaha akarusha utani kama kawaida yake.

"Na yule mzee anachelewa nini? Sisi tunasubiri pilau la msiba!"

Siku nyingine Abdulnasiri angecheka mpaka ashike mbavu. Siku hiyo alikuwa ametoka kuambiwa na daktari amrudishe baba yake nyumbani, kwamba hakuna dawa tena, na hakuwa amemweleza mtu yeyote. Alichomoa waya ukutani, kioo kikazima.

"Toka," alisema. "Usikanyage hapa tena."

Ruthu alibeba ndoo yake akatoka. Tangu siku hiyo aliuzia Nkuhungu, mbali na duka lile.

"Matusi angenitukana ningefurahi," alimwambia binti yake Gladness. "Lakini mtani akishakasirika kweli, hamna utani tena. Mnakuwa watu tu wanaosalimiana."

Haukupita muda, mzee Rajabu akafariki. Gladness alimzuia mama yake mlangoni.

"Mama, usiende. Atakufukuza mbele ya watu."

"Na anifukuze. Nisipokwenda mimi, nani atamtania marehemu?"

Alikwenda, na njia nzima alikuwa anaogopa. Pale msibani alipitiliza ndani kwa akina mama, akawaomba vitu fulani, nao wakampa, maana walijua kazi ya mtani. Alipotoka uani alikuwa amevaa koti la mzee Rajabu na kofia yake, amejikunja juu ya fimbo yake, anakohoa kile kikohozi chenyewe.

"Kahawa iko wapi?" aliuliza kwa sauti ya mzee. "Nimekufa, sijafunga!"

Waliokuwa chini ya turubai wakaangua kicheko, wengine huku wanafuta machozi. Abdulnasiri hakucheka. Tangu alfajiri alikuwa akikimbizana na sanda, sukari na viti vya kuazima, hajapata hata nafasi ya kulia. Ruthu akamwendea mpaka mbele yake.

"Wewe kijana," alisema, "nasikia umemfukuza mtani wangu kwa ajili ya wezi wa kwenye kioo. Ndivyo nilivyokulea?"

Abdulnasiri aliliangalia lile koti, na viwiko vyake vilivyochakaa. Aliangalia kofia. Kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Ruthu alikuwa na mzaha tayari mdomoni, akauacha. Akajikohoza, akaitafuta sauti ya mzee mpaka akaipata.

"Marahaba, mwanangu."

Abdulnasiri akashika mkono wa lile koti kwa mikono yake miwili, akalia.