Mume wangu bega bovu, kocha mbishi, na mjomba aliyekuja na lori kumchukua mrushaji wetu

Wakuu, habari za mchana.

Muda mrefu nasoma nyuzi za watu humu nikicheka peke yangu jikoni, leo na mimi niweke wangu. Hii siyo chai. Watu wa Moro waliokuwepo uwanjani siku ile wamo humu, na nikiongeza chumvi mods waufute uzi mchana kweupe.

Kwanza mjue kwamba Morogoro tunacheza besiboli.

Najua mmeshaanza kucheka. Chekeni mmalize, nawasubiri.

Miaka ya nyuma kuna mwalimu wa kujitolea kutoka Japani alikuja kufundisha sekondari moja hapa mjini. Akawafundisha vijana mchezo huo, alipoondoka akawaachia glavu, mipira na magongo. Gongo la mbao la kupigia mpira, msinielewe vibaya. Vijana wale sasa ni watu wazima wenye vitambi, na mmoja wao ni mume wangu, Baba Zawadi. Uwanjani wanamwita Winchi.

Kwa wasiojua, kwenye besiboli mtu mkubwa ni mrushaji. Anasimama katikati anamrushia mpira mwenye gongo, kwa nguvu, ili jamaa apige hewa. Mrushaji akiwa mbovu mmekwisha, hata hao wengine wawe na mbio za namna gani.

Winchi ndiye aliyekuwa mrushaji wetu tangu enzi hizo. Ila kinachotulisha nyumbani ni plasta. Ni fundi plasta na si wa kubahatisha, dari zake nendeni Kihonda mkazione. Sasa mkono unaorusha mpira ndio huo huo unaopiga plasta. Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa.

Bega lilianza kuuma kipindi cha mvua. Hakuniambia, nililigundua kwenye ugali.

Mume wangu ni Mwislamu wa kulelewa madrasa, kula kwa mkono wa kushoto hawezi hata umshikie panga. Na wa kulia ukawa haupandi kufika mdomoni. Basi anamega tonge, mkono unabaki pale pale kwenye sahani, kichwa ndicho kinashuka kulifuata. Kuku kabisa. Nikamuuliza una nini wewe, akasema ananusa mchicha kama umeiva.

Zawadi naye akaanza kula kwa kudonoa kama baba yake. Hapo nikachoka, nikamburuta hospitali.

Daktari hakuzunguka. Alisema mshipa wa bega umechanika nusu, akirusha mpira tena utakatika wote, na plasta aisahau. Apumzike mpaka atakapoambiwa.

Tukiwa njiani kurudi akaniomba jambo moja, nisimwambie mtu yeyote wa timu. Kisa? Watasema amezeeka. Mimi ni Mnyamwezi wa Nzega, na nilimtukana kwa Kinyamwezi kutoka getini kwa hospitali mpaka mlangoni kwetu. Lakini nikakubali. Mwanaume akishaishika aibu ya kijinga huwezi kumnyang'anya kwa siku moja.

Sasa mashabiki wetu.

Tuko wachache, tunaenea kwenye mabenchi ya kijiwe kimoja cha kahawa, lakini ubishi wetu ungejaza uwanja wa taifa. Winchi alipoanza kukwepa mazoezi, kijiwe kizima kikawa madaktari bingwa. Sele wa bodaboda, aliyejipa uenyekiti wa mashabiki bila kupigiwa kura, akatangaza kwamba bega halina shida yoyote, Winchi amesusa kwa sababu kocha hakumpa ukapteni. Mwingine akasema ni jicho la wapinzani wetu wa Dar. Mwingine akaleta mafuta ya nyonyo kwenye chupa ya soda, akasisitiza yapakwe kwenye kiwiko, bega litajijua lenyewe.

Na mimi nimekaa hapo hapo nauza maandazi yangu, ukweli wote ninao, mdomo nimeufunga. Wakuu, mateso yale msiyaombe.

Kocha wetu ni Ambakisye, mtu wa Tukuyu. Ni mzuri wa roho lakini akishaamini kitu, hata umletee malaika atamuuliza kitambulisho. Akaamini ya Sele. Basi akawa hamsalimii Winchi, na Winchi hamsalimii, wanatumiana salamu za kejeli kupitia kwa mdakaji wa timu. Mdakaji maskini akakonda.

Mechi na timu ya kutoka Dar ikakaribia. Kocha akatangaza kwamba Jumamosi anaanza Winchi, na asipotaka arudishe glavu aondoke moja kwa moja.

Na mume wangu, jamani mume wangu, akajibu yuko fiti.

Nilikasirika mpaka nikaunguza maandazi. Nikamfuata kocha kwake, ahadi nikaivunja nusu. Nikamwambia mkono wa Winchi si mzima, tafuta mtu mwingine. Akanijibu kwa upole ule wa kuudhi, "Shemeji, mambo ya uwanjani tuachie sisi."

Nilitoka pale nimevimba. Lakini neno lilimwingia, maana hazikupita siku mbili akaja na kijana.

Kijana mwenyewe anaitwa Deo, wa Mgeta huko milimani, umri ishirini na kitu. Kocha alimuona sokoni akishusha kabichi kutoka juu ya lori. Wale hawabebi, wanarusha moja moja, aliye chini anadaka. Deo alikuwa anarusha huku anapiga stori na mtu wa upande wa pili, wala haangalii, na kila kabichi inatua kifuani kwa mdakaji. Kocha alisahau mboga aliyotumwa, nasikia mkewe hakulifurahia hilo.

Kijiwe kikapasuka. Wengine dogo aanze, wengine Winchi ni Winchi tu. Sele akaleta hoja kwamba mtu wa milimani akishuka huku chini hewa ni nzito, mpira utakuwa unamfia njiani. Mzee mmoja akamuuliza mbona kabichi hazimfii. Walibishana mpaka muuza kahawa akafunika birika, akaenda kuswali adhuhuri, akarudi akawakuta kwenye kabichi.

Mimi nilikuwa upande wa dogo, na nilimpa maandazi ya bure kila alipopita.

Deo alitaka kucheza. Tatizo Jumamosi ni siku ya lori, lazima nyumbani waombwe. Kocha akapanda Mgeta na sukari na kitenge, akamuona baba yake Deo. Akapokelewa kwa furaha ya ajabu, ruhusa akapewa papo hapo, na kuku akachinjiwa. Akarudi anatamba kijiweni kwamba kuongea na wazee ni kipaji.

Waluguru mliomo humu mmeshaona kosa liko wapi. Tulieni, msiwaharibie wenzenu.

Jumamosi ikafika. Winchi benchi, amenuna, glavu mapajani. Deo katikati. Wakuu, dogo alirusha. Wale wa Dar, na jezi zao zenye majina mgongoni, walikuwa wanapiga hewa mpaka wanazunguka. Hata vijana wa soka waliokuwa pembeni wanatusubiri tuwaachie uwanja wakaanza kushangilia bila kujua wanashangilia nini.

Tukiwa tunaongoza, lori likaingia. Si kando ya uwanja. Ndani.

Akashuka mzee mfupi, kofia ya kiua imekaa sawasawa, akatembea taratibu mpaka katikati, akamsalimia mwamuzi kwa mkono, kisha akamshika Deo kiwiko kama anachukua ndoo yake aliyoisahau kisimani. Deo hakubisha hata kidogo. Akampa shikamoo, akaanza kumfuata.

Kocha akaruka kutoka benchi. "Mzee, shikamoo, baba yake ameruhusu."

Yule mzee akamtazama kwa huruma. "Marahaba. Baba yake alikuja kwetu kuoa."

Ndipo kocha akaelewa kwamba yule ni mjomba, na kwamba kuku aliyemla hana kazi.

Kwa mgeni wa huku: kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, wenyewe wanauita lukolo. Mwenye kauli juu ya kijana ni mjomba, kaka wa mama. Baba anapendwa, anaheshimiwa, anawekewa chai, lakini ruhusa ya namna hiyo si yake kutoa. Ndiyo maana alifurahi vile, pengine hakuna aliyewahi kumuomba kitu. Huko Tukuyu baba akishasema imekwisha, kocha akadhani dunia nzima ni Tukuyu.

Mwamuzi hakuwa na kanuni yoyote ya mjomba. Watu wa Dar wanacheka. Kocha akageuka benchi, uso umemwiva, akamwambia Winchi avae glavu.

Na Winchi akasimama.

Nikajua huyu anarusha, mshipa unakatika, na mimi nalea fundi asiye na mkono kwa ajili ya mchezo ambao hata majirani hawaujui. Kumfuata yeye kumsihi mbele za watu kusingesaidia, angerusha kwa hasira zaidi. Nikamkimbilia mjomba.

Nikafika, nikamvua kofia yake nikaivaa mimi.

Mjomba akageuka amekunja uso. Nikamwambia mimi Mnyamwezi wa Nzega, na kofia hii hapati mpaka nimesema ninachotaka.

Uso ukakunjuka hapo hapo. "Tumekwisha. Mpagazi ametufikia."

Wanyamwezi na Waluguru ni watani, tangu babu zetu wanapita hapa na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani akikuchukulia kitu hukasiriki, unakomboa. Ukikasirika umejiaibisha wewe na ukoo mzima. Nikamwambia Waluguru mmezoea kushuka mlimani kwa makalio kwenye tope, leo mtakaa uwanjani kama watu. Akanijibu kwamba kichwa changu kimepata bahati, hakijawahi kubeba kitu chepesi hivyo. Nikaenda nikalala mbele ya tairi la lori na kanga yangu, nikaanza kujililia msiba mwenyewe, nikitaja na jina la marehemu. Zawadi, aliyekuwa ameshikwa na jirani yangu pale pembeni, alinizomea.

Mjomba akaulizwa na dereva wafanye nini. Akasema wasubiri, mtani amekufa.

Basi akakubali: Deo arushe, ila yeye akae karibu amuone. Wakampindulia ndoo pembeni ya kocha, akakaa kichwa wazi.

Sasa wakuu tukawa na makocha wawili.

Mjomba hakuwahi kuona besiboli maishani, lakini kabla hata hajaizoea ile ndoo alishakuwa na maoni. Kwa nini dogo arushe yeye tu, wengine mmeajiriwa kusimama? Kocha anamweleza, mjomba anasikiliza, anauliza tena. Kocha anapandisha sauti, mjomba anazidi kuishusha yake. Mashabiki tukahama mechi, tukawa tunaangalia benchi. Sele alikuwa ameshahamia upande wa mjomba.

Zamu ya mwisho, tunaongoza kwa alama moja. Deo akarusha, kisha akautikisa mkono. Kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi.

Mjomba akasimama. Akasema imetosha, mtoto atoke.

Kocha akamwomba, karibu akapiga magoti. Mpigaji mmoja, wawili, basi tunashinda. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali ambalo kijiwe kizima hakijawahi kuliuliza kwa msimu mzima wa ubishi.

"Huu mkono ni wa lukolo. Ukiuvunja wewe, utaturudishia upi?"

Kocha akampungia Deo mkono. Deo akatoka. Na kama nilivyoogopa, macho yote yakaenda kwa mume wangu.

Winchi akachukua mpira. Ameshapita benchi, anaelekea katikati. Mjomba akamzuia kwa kiganja, akamtazama lile bega lililokaa upande, akamuuliza mjomba wake anajua?

Winchi naye ni Mluguru, wa Matombo. Akasema mjomba wake alishafariki.

Mjomba akampa pole, akamwombea marehemu rehema. Kisha akauliza, "Sasa mkono wako ana nao nani?"

Mume wangu alisimama pale na mpira. Nilidhani atasema ni wangu mwenyewe, jibu la wanaume wote. Aligeuka akanitafuta, mimi na kofia ya watu kichwani na vumbi la tairi mgongoni, akaninyooshea kidole. Kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haupandi.

"Wa Mama Zawadi," akasema. "Na bega linauma, kocha. Linaniuma tangu mvua."

Nililia wakuu, sitaki kuwadanganya. Nikasema sijatoa ruhusa, kaa chini. Akakaa. Kocha akamshika lile bega jingine lililo zima, akauchukua mpira akaenda kurusha mwenyewe.

Mpira wa kwanza ulipita juu ya kila mtu ukaingia kwenye lori, ukapasua kabichi. Kilichofuata sitaki kukisimulia. Tulifungwa, wa Dar wakaondoka wanaimba.

Mjomba alikomboa kofia yake kwa karoti nusu gunia, akasema Deo ataruhusiwa mechi zijazo, yeye akiwa kwenye ndoo. Winchi anapumzika. Vijana wake wanapiga plasta, yeye amekaa kwenye kiti anawagombeza, na watu wa kijiwe wanamletea kahawa pale pale. Hakuna hata mmoja aliyesema amezeeka.

Nilichojifunza: kabla hujamwambia mtu arushe, akaze, avumilie, uliza kwanza akiumia nani atamnawisha. Ukimpata huyo, muombe yeye.

Sasa mnaosema ningemwacha arushe mpira mmoja tu tushinde, karibuni, mwageni matusi yenu hapo chini, na mnaojua dawa nzuri ya mshipa tuambieni. Nitachelewa kujibu. Baba Zawadi amepitiwa na usingizi kwenye mkeka na ameulalia upande ule ule mbovu, naenda kumgeuza.