Wingu Lenye Miguu

Jirani yangu pale soko la Custom, mama wa Kisomali aliyetoka Garissa, aliuza magodoro na kuyaanika barabarani yaonekane. Mvua ilikuwa inamharibia, maana kibaraza cha mabati kilimzuia kuona mbingu. Mimi ni fundi simu. Nikachukua kipimajoto cha paji la uso, kile tulichoelekezewa kila mlangoni enzi za korona, nikakifumua, nikalifunga jicho lake juu ya paa langu likitazama mbinguni. Mbingu tupu hupimika baridi kuliko barafu. Wingu likipita, kipimo hupanda. Kikipanda, honi ya bodaboda niliyoiunganisha kando yake inalia.

Kikafanya kazi vizuri hata watu wa mstari wetu wakaacha kutazama juu.

Mchana mmoja honi ikalia, isinyamaze. Magodoro yakaingizwa mbio. Wauza viatu wakatandaza maturubai, tukakaa chini yake kungoja mvua, jua likiwaka kweli kweli. Barabarani alibaki mteja mmoja, mwanamke aliyekulia ukimbizini Uganda.

"Mvua iko wapi?" akauliza.

"Inakuja," jirani yangu akamjibu. "Ingia, dada, utalowa."

Akatazama juu, akatutazama sisi, akaingia.

Honi ilipotuchosha nikapanda ngazi. Juu ya kile kijicho alisimama kongoti, yule ndege mkubwa mwenye kipara, mla mizoga, amekunjua mabawa akiota jua.

"Ni ndege," nikawaambia walio chini.

Yule mteja akatoka kuhakikisha. "Hiyo wingu iko na miguu," akasema.

Nikampungia yule ndege shati, hakujali. Nikamsukuma kwa fagio. Akasogea hatua moja, akajisaidia juu ya honi, nayo ikakata sauti.

"Kalas," muuza viatu mmoja akasema, akikunja turubai. "Imepita."

Wakaanza kuanika tena, wakipongezana kwamba hakuna kilicholowa. Yule mteja aliondoka na godoro kichwani. Alikuwa amekalia moja akingoja mvua, akalipenda.

Asubuhi yake nilifika na misumari na nyaya za kumzuia yule ndege asitue. Nikamkuta jirani yangu juu ya ngazi yangu, buibui amelikusanya kwa mkono mmoja, akipanga vipande vya utumbo kuzunguka kile kijicho.

"Honi umeshaitengeneza?" akaniuliza.